Sampuli za mama zikiunganishwa, nani atashika ufunguo?

SWALI: Shikamoo. Niko Kibosho, na mama yangu ana miaka 58. Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya titi akiwa anaishi Arusha. Hospitali ya huko ilimwingiza kwenye utafiti, wakachukua kinyama na damu, akapewa dripu sita. Baadaye tukamhamishia Moshi awe karibu na mimi. Sasa anaombwa kuingia utafiti mwingine wa vidonge. Fomu ina kurasa tisa, na ukurasa wa saba unasema sampuli na taarifa zake za matibabu "zinaweza kuunganishwa na za tafiti nyingine, ndani na nje ya nchi". Kaka yangu anasema hapo ndipo damu inapouzwa. Mama anasema atasaini nikimwambia mimi. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole yangu.

Nianze na lile linalojibika kwa mstari mmoja. Mama akikataa kifungu cha ukurasa wa saba, matibabu yake ya kawaida hayapungui hata kidonge kimoja. Fomu nyingi siku hizi huweka kisanduku cha peke yake kwa ajili ya kifungu hicho, kwa hiyo mtu anaweza kukubali vidonge na kukataa kuunganishwa. Kama fomu yenu haina kisanduku, muulize mtafiti kwa nini. Akianza kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Mimi si daktari wa saratani. Kazi yangu ni majedwali: kuhakikisha kila chupa ya damu na kila kinyama kina mwenyewe, na mwenyewe ni yuleyule aliyeandikwa kwenye faili la matibabu. Nitakujibu nikiwa kwenye kiti hicho.

Kinyama cha mama hakiko kwenye friza kama wengi wanavyodhani. Kililowekwa kwenye formalini, kikakamuliwa maji, kikazamishwa kwenye nta ya moto ikaganda. Sasa ni kitu kidogo cha kuenea kiganjani, kama kipande cha sabuni kilichobaki bombani, kikiwa na namba ubavuni. Maabara wanakiita bloku. Bloku hukaa kwenye droo bila umeme miaka 20 na zaidi. Damu ndiyo inayolala kwenye friza la nyuzi joto hasi 80, na ndiyo inayotuamsha usiku umeme ukikatika na jenereta ikagoma.

Mpe bloku hiyo mtaalamu yeyote bingwa. Atakwambia ni saratani ya namna gani na kama ina vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni. Kuna jambo moja hawezi kukwambia: mama alipopewa zile dripu sita, uvimbe ulisinyaa au ulikaa palepale? Dripu ya nne ilisogezwa wiki mbili kwa sababu damu ilishuka, au kwa sababu nauli ilikosekana? Hayo yameandikwa kwa kalamu kwenye faili, na faili liko Arusha. Vidonge vitaandikwa kwenye faili jingine, Moshi. Kuunganisha maana yake ni kuvikutanisha hivi vitu vitatu, na havikutani vyenyewe.

Kuna kisa ambacho huwa nakisimulia kwa kila kijana mpya anayekuja kuingiza takwimu. Kuna dawa ya saratani ya utumbo mpana iitwayo cetuximab. Katika jaribio moja lililofanyika Kanada na Australia, wagonjwa 572 walioishiwa tiba nyingine waligawanywa: nusu wakapewa dawa hiyo pamoja na huduma ya kutuliza dalili, nusu wakapewa huduma peke yake. Dawa ikaonekana inasaidia, ila si sana. Lakini wagonjwa wale walikuwa wameacha bloku zao. Watafiti wakarudi kabatini, wakapima jeni iitwayo KRAS, kisha wakalinganisha na nani alipewa nini na aliishi muda gani. Majibu yakachapishwa mwaka 2008. Wale ambao jeni yao haikuwa imebadilika, waliopata dawa nusu yao waliishi kupita miezi 9.5, na wasiopata nusu yao walipita miezi 4.8. Wale ambao jeni ilikuwa imebadilika, miezi 4.5 kwa dawa na 4.6 bila dawa. Na hao waliobadilika walikuwa 42 kwa kila 100. Watu wanne kati ya kumi walikuwa wakivumilia dawa ghali inayobabua ngozi bila kupata kitu. Mwaka uliofuata maelekezo ya dawa hiyo yakabadilishwa Marekani: pima jeni kwanza.

Hakuna mgonjwa mpya aliyechomwa sindano ili jibu hilo lipatikane. Lilikuwa limelala kwenye droo na kwenye mafaili, likisubiri mtu wa kuviweka mezani pamoja. Hata hivyo bloku zilizoweza kupimwa zilikuwa za wagonjwa 394. Wengine, karibu theluthi, walitoa miili yao kwa jaribio lakini kwenye swali hili hawakuhesabika. Mtu wa kazi yangu akisoma namba hiyo roho inamuuma.

Sasa kwa nini tafiti nyingi, isiwe moja? Piga hesabu na mimi. Kati ya saratani za titi 100, kama 15 hadi 20 zina protini nyingi iitwayo HER2. Utafiti wa Kanda ya Kaskazini ukipata akina mama 100, wenye HER2 ni hao 15 au 20. Wagawe makundi mawili ya dawa, kila kundi linabaki na wanane au kumi. Wawili wakibadilisha laini ya simu wasipatikane tena, na mmoja akirudi Rombo kwa wazazi, umebaki na watu kama sita. Hata kamati ya harusi hapa Uchaggani haikai na watu sita. Lakini tafiti kumi za namna hiyo, zikiuliza maswali yanayofanana na kuunganishwa vizuri, zinakupa watu 60 kila upande, na hapo mtakwimu anaanza kuvaa miwani.

Inawezekana kabisa vidonge vya mama ni tamoxifen, dawa inayozuia homoni isiichochee saratani, au ndugu yake. Tunajua kuwa kumeza tamoxifen miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi katika miaka 15 ya kwanza, na kwamba faida hiyo ni ya wale wenye vipokezi vya homoni tu. Hilo halikuonekana sawasawa kwenye jaribio moja moja. Lilidhihirika kuanzia miaka ya 1980, pale Oxford walipokusanya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kutoka majaribio ya nchi nyingi na kuziweka chungu kimoja. Kwa hiyo, kama ni vidonge hivyo, mama yako ataanza kumeza matunda ya kuunganisha kama kule kwa ukurasa wa saba, taarifa za akina mama wengine wa miaka mingi iliyopita.

Huku kwetu jambo hilo si geni pia. Utafiti wa saratani ya umio, ule ulioangalia pamoja na mengine chai ya moto sana, uliwahoji watu Moshi, Eldoret na Malawi kwa mpango mmoja, ndiyo maana taarifa zake zinaweza kusomwa kwa pamoja. Marekani wao, Taasisi ya Taifa ya Saratani ina mfumo uitwao Navigator kwa ajili ya sampuli zilizobaki kwenye majaribio inayoyafadhili. Mtafiti anaanza kwa kutafuta idadi: bloku ngapi za saratani fulani, kutoka jaribio lipi, wagonjwa wakitibiwa kwa nini. Jina halioni. Akiona zinatosha anaandika ombi, kamati inalipitia, ndipo anapewa. Naupenda utaratibu huo, kwa sababu kinyama hakioti tena: ukikikatia mtafiti asiye na swali la maana, umekimaliza.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa namna ambayo kaka yako haiwazii.

Chukua mgonjwa wa kutunga. Arusha ameandikwa Ndealilia E. Massawe, amezaliwa 1963. Moshi ameandikwa Masawe Elizabeth, tarehe 1 Julai 1964, kwa kuwa aliulizwa tarehe akasema hajui ila ni kipindi cha baridi, na karani akajaza anavyojua. Maabara wameandika E. Masawe. Wodini kila mtu anamwita Mama Glory, na kuna siku nesi mwenye haraka aliandika hivyohivyo kwenye chupa. Namba ya simu ya kwanza ni ya mume, ya pili ni ya binti. Je, huyu ni mtu mmoja au wanne?

Kompyuta haijui. Inachofanya ni kutoa alama, kwa njia ambayo watakwimu wawili wa Kanada, Fellegi na Sunter, waliiweka kwenye hesabu mwaka 1969. Kitu kikilingana kinaongeza alama, kisipolingana kinapunguza, lakini si kila kulingana kuna uzito sawa. Wote wawili kuwa wanawake ni alama kidogo sana, kwa sababu nusu ya watu ni wanawake. Wote kuitwa Massawe hapa Moshi ni alama kidogo pia. Wakiitwa Massawe wote wawili huko Mtwara, alama inapanda. Ndealilia ina uzito kuliko Elizabeth. Ukijumlisha, juu ya kiwango fulani unasema ni mtu mmoja, chini ya kiwango kingine unasema ni wawili, na wale wa katikati anakaa binadamu na mafaili yote mawili, anasoma ugonjwa, titi la upande gani, mwaka wa upasuaji. Wa katikati ndio wanaokula muda wangu wote.

Niliwahi kuungana na kazi fulani, mahali nisipopataja, ambako waliunganisha kwa jina na mwaka wa kuzaliwa tu, basi. Nikapewa jedwali tayari limekamilika. Siku ya tatu nikakutana na mgonjwa wa kike, dripu nane, watoto watano, na kinyama cha tezi dume. Tulicheka mpaka tukakumbuka kwamba kosa hilo tumeliona kwa sababu tu jinsia hazikupatana. Makosa ambayo jinsia zimepatana yalikuwa mangapi? Mwanamke mmoja akipachikwa uvimbe wa mwingine, hakuna kitu kinachopiga kengele. Tulirudi nyuma tukaanza upya, ikachukua miezi minne, na mfadhili hakufurahi.

Watu huniuliza kwa nini namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, isitumike moja kwa moja tukamaliza. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiiandika kwenye chupa umeshatoa siri nusu. Njia nzuri ni kuisaga. Programu inaipitisha kwenye hesabu fulani ikatoka mfuatano wa herufi usiorudi nyuma, kama mahindi mashineni: unga haurudi kuwa mahindi, ila mahindi yaleyale yakisagwa Arusha au Moshi yanatoa unga uleule, na unga ukifanana tunajua ni mtu mmoja bila kuona namba yake. Sharti ni kwamba kabla ya kusaga uchanganye na neno la siri ambalo wanalijua wachache. Bila neno hilo, mjanja anaweza kusaga namba zote zinazowezekana kisha akalinganisha unga.

Hivyo basi, linalopaswa kukupa wasiwasi ni ufunguo, zaidi ya friza na bloku. Kila utafiti wa kweli unampa mgonjwa namba ya utafiti, na mahali fulani kuna orodha moja inayosema namba hii ni mama fulani wa kata fulani. Bila orodha hiyo, droo zote zikiibwa leo mwizi amepata nta. Na orodha ikivuja pamoja na jedwali, mtu anasoma ugonjwa wa mama yako bila hata kugusa friza. Muulize mtafiti: orodha ya ufunguo iko wapi, anaishika nani kwa cheo, na huyo anayeishika ndiye huyohuyo anayechambua matokeo? Wakiwa watu wawili tofauti, vizuri. Nikisikia iko kwenye laptop ya mwanafunzi wa uzamili, mimi mwenyewe ningeahirisha kusaini.

Na usiridhike ukiambiwa "tumeondoa majina". Miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti taarifa za matibabu za wafanyakazi wake bila majina. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, akampata gavana wa jimbo, William Weld. Watu sita mjini humo walizaliwa siku moja na gavana, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu ndiye wa msimbo ule. Sasa fikiria Kibosho. Mwanamke, miaka 58, saratani ya titi, aliwahi kuishi Arusha, binti yake anamuuguza. Hapo nimetaja jina? Na jumuiya nzima ya kanisani imeshajua. Ndiyo maana jedwali linalotoka nje ya mikono yetu linabeba mkoa badala ya kijiji, na umri kwa rika, kwa mfano 55 hadi 59.

Kuhusu kaka yako. Nisimcheke, maana hofu yake ina mizizi. Wahavasupai, Wahindi Wekundu wa Arizona, walitoa damu miaka ya 1990 wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari, ambacho kilikuwa kikiwamaliza. Baadaye wakagundua ilitumika pia kwenye tafiti za ugonjwa wa akili na za asili ya kabila lao, kinyume na simulizi zao wenyewe. Wakashtaki, na mwaka 2010 bodi inayosimamia vyuo vikuu vya Arizona ikakubali kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Damu haikuuzwa sokoni. Ilitumiwa kwa swali ambalo wenyewe hawakuulizwa, na kwao hilo lilikuwa baya vilevile. Kwa hiyo soma fomu uone: imeandikwa "tafiti za saratani" au imeandikwa "tafiti yoyote ya baadaye"? Ya kwanza ningesaini. Ya pili ningeuliza kwanza.

Hapa nchini sampuli haitoki kwa kubebwa kwenye begi. Inahitaji kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli, unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba huo unataja zinakwenda maabara gani, kufanya nini, na zilizobaki zitarudishwa au kuharibiwa. Dawa ikiwa inajaribiwa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wana kauli. Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya na za vinasaba inaziweka kwenye kundi nyeti, na mama ana haki ya kuuliza wanazo taarifa gani zake, na kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuhusu kujitoa, anaweza siku yoyote. Sampuli iliyobaki itaharibiwa na taarifa mpya hazitachukuliwa, lakini kilichokwisha kuingia kwenye hesabu zilizochapishwa hakichomoki. Mtafiti anayekuambia atafuta kila kitu anakupamba.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe, ingawa hukuliuliza. Kama saratani 5 hadi 10 kwa kila 100 za titi ni za kurithi, na jeni zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Sampuli ya mama ikichunguzwa huko mbele na ikaonekana anayo, nusu ya uwezekano ni kwamba na wewe umeirithi, na kaka yako vilevile, kwa wanaume nayo ina madhara. Tafiti nyingi hazirudishi majibu kwa mgonjwa, kwa sababu maabara ya utafiti si maabara ya tiba na kipimo chake kinatakiwa kurudiwa kabla ya kuaminiwa. Nyingine hurudisha. Fomu inapaswa kusema lipi kati ya hayo, na nyinyi mzungumze nyumbani kabla ya siku ya kusaini kama mngependa kujua. Nimeona familia ikikaa kimya miaka kwa sababu mmoja alijua na wengine hawakuulizwa kama wanataka kujua.

Angekuwa mama yangu, ufunguo ukiwa mahali pa kueleweka na fomu ikitaja saratani, ningemwambia asaini. Ila aisomewe yeye, kwa lugha anayoielewa, Kichagga kama kitamkaa vizuri zaidi, na aseme ndiyo kwa mdomo wake. Wewe ni binti yake, lakini kinyama ni chake.

Mkienda, beba kadi yake ya zamani ya Arusha, hata kama imechakaa na iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti. Mwonyeshe karani namba ya faili iliyo juu, na namba ya utafiti ule wa kwanza kama ilibandikwa nyuma. Mwambie jina lililoandikwa pale ndilo, tarehe ya kuzaliwa ndiyo hiyo, na kama Moshi walimwandika tofauti, warekebishe akiwa amesimama pale dirishani.